Gari Lililoshiba

Gari la mizigo likiwa tupu linapiga. Hilo analijua kila mtu aliyewahi kukaa ndani yake kutoka Muleba mpaka Bukoba bila kitu nyuma. Springi zake zimetengenezwa kwa ajili ya tani, na zikikosa tani zinamgeukia binadamu aliyekaa mbele. Miaka mingi nilijua hivyo na sikujali, kwa sababu mgongo wangu ulishazoea tangu nikibeba kahawa kwa baiskeli. Nilianza kujali uzeeni, mke wangu alipougua mifupa.

Shule niliishia darasa la tatu. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nyumba yangu ya Izigo ina bati la rangi, watoto wangu wamesoma, na hakuna mtu atakayesimama aseme alinishika mkono. Nilianza na baiskeli, nikaja na gari bovu, nikaja na zuri kidogo, na hili la mwisho ndilo nililolipenda. Ni pikapu la milango minne, injini kubwa ya dizeli. Ukilikanyaga kwenye mwinuko wa lami linakusukuma kwenye kiti kama mtu mliyegombana naye.

Lakini nguvu peke yake haipandi kwangu. Kutoka lami mpaka nyumbani ni kilima cha udongo mwekundu, na katikati mvua imechimba mtaro. Masika nimeona magari yenye injini kubwa kuliko langu yakizungusha matairi pale mpaka yananuka. Kwa hiyo nilipolinunua sikulipeleka nyumbani kwanza, nililipeleka Miembeni, kwa fundi wangu. Huyu ni Mwislamu wa mjini, babu yake alikuja kutoka pwani, na yeye mwenyewe anaongea Kihaya vizuri kuliko wajukuu zangu.

"Shikamoo mzee wangu. Unataka lipande kiasi gani?"

"Lipande mpaka tumbo lake lisiguse kilima changu."

"Tukilipandisha sana litakuwa ngamia. Ukiingia kona na mwendo, linalala."

"Mimi kona naziingia kwa adabu."

"Wewe? Mzee wangu, mimi nimeshapanda gari na wewe."

Tulicheka. Akaniwekea springi nene za nyuma, shokapu ndefu, matairi ya meno makubwa ya kuuma matope, na kile kifaa cha kufunga difu ili matairi ya nyuma yote mawili yazunguke pamoja, moja likikosa udongo lisizunguke bure huku mwenzake amelala. Nilipofika nalo kwangu siku hiyo lilipanda kilima kama linakwenda kanisani. Mke wangu alitoka jikoni akalizunguka, mikono imejaa maganda ya ndizi.

"Hili umemnunulia nani?" akauliza. "Maana mimi ngazi yake siioni."

"Shika hapo juu, ujivute."

Akashika, akajivuta, akakaa. Alikuwa bado na nguvu zake. Alitazama kibanja chote kutoka pale juu, akasema, "Waitu, kumbe migomba yangu ni mingi hivi," na akakataa kushuka mpaka nimzungushe.

Ugonjwa ulianza kwenye kiuno. Tulidhani ni jembe. Wanawake wa kwetu wote viuno vinawauma na wote wanasema ni jembe. Daktari wa Bukoba alipompima alituambia ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa ya mgongo, atakuwa anakuja kutibiwa mara kwa mara, na asitikiswe. Alirudia hilo neno akinitazama mimi, kwa sababu alikuwa amelichungulia dirishani gari nililokuja nalo.

Binti yetu mkubwa anakaa Kibeta, nyumba yake haiko mbali na hospitali. Alisema jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angesema.

"Mama atakaa kwangu. Chumba kipo. Baba atakuwa anakuja."

Mke wangu alikuwa anatafuna punje zake za kahawa. Alimaliza kutafuna kwanza.

"Nitakuja kutibiwa," akasema, "na nitarudi kulala kwangu."

"Mama, njia itakuumiza."

"Nikihamia hapa sitarudi. Nitarudishwa. Mimi nataka kurudi."

Binti alilia, kisha wakakubaliana, wanawake hao wawili, bila kuniuliza. Maadamu mama anaiweza njia, alale kwake Izigo. Siku njia ikimshinda, atabaki Kibeta na hakuna ubishi tena. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Nikaelewa kwamba kama mke wangu atafia kwenye kibanja chake au kwenye chumba cha wageni, itaamuliwa na springi za gari langu.

Safari ya kwanza ilikuwa mbaya. Kumpandisha tu ilikuwa kazi. Goti lilikataa kufika kwenye kile kidaraja cha mlango, na hakutaka kubebwa. Nilipotaka kumnyanyua alinipiga mkono. "Mimi si gunia." Mwishowe nikalirudisha gari kinyumenyume mpaka kwenye ukingo wa udongo nilioujenga zamani wa kupakilia kahawa, pale ambapo wapagazi walikuwa wanaingia na gunia mgongoni bila kupanda kitu. Nikalisogeza ubavu, mlango ukawa sawa na ukingo. Akatembea mwenyewe, akaingia, akakaa.

"Haya," akasema. "Niandike. Mimi ni kahawa gani, ya maganda au safi?"

"Safi."

"Muongo."

Huo ndio ulikuwa utani wa mwisho siku hiyo. Kuteremka kilima gari lilipiga, na kwenye lami kila tuta la kupunguza mwendo lilikuwa ngumi. Yale meno ya matairi nayo yalikuwa yanavuma na kutetemesha kiti. Hakusema kitu njia nzima. Alikuwa ameshika kishikio cha juu ya mlango, na kila nilipotazama vidole vyake vilikuwa vyeupe. Tulipofika Kibeta binti alimwangalia mama yake usoni, akaniangalia mimi. 

Nilikwenda Miembeni siku hiyo hiyo.

"Lishushe," nikamwambia fundi.

"Mzee wangu, na kilima?"

"Nimesema lishushe."

Nikamweleza. Akanipa pole, akavua kofia. Alipunguza vyuma kwenye springi za nyuma, akaliteremsha, akatoa yale matairi ya meno akaweka matairi laini ya lami. Aliendesha yeye mwenyewe mara kadhaa mpaka ziwani na kurudi, mimi nimekaa upande wa abiria na macho nimefumba, nikijaribu kusikia kwa mgongo wa mtu mwingine. Lilikuwa laini. Nilirudi Kibeta nikamchukua, na kwenye lami aliongea. Alisema habari za shemeji yake, alisema kuna mtu amejenga karibu mno na barabara. Nikaona tumeshinda.

Mvua ilitukuta tumeshakata kona kuingia kwangu. Pale kwenye mtaro gari lilizungusha matairi, likateleza kwa ubavu taratibu kabisa, likakaa limeinama na mke wangu yuko upande wa chini. Nilikanyaga, nikarudisha, nikakanyaga tena. Injini yote ile inanguruma na hatusogei. Alisema, "Zima tu." Majirani walikuja na majembe. Wa kwanza alikuwa mzee mwenzangu wa kibanja cha ng'ambo ya mtaro, ambaye tangu ujana wetu hajawahi kuacha nafasi ya kunitania ipite.

"Gari la nguvu hili!" akasema, akiliangalia lilivyolala. "Nguvu yake iko kwenye kelele."

"Sukuma, acha mdomo."

"Nasukuma, waitu. Si ndiyo kazi yetu sisi tusio na magari?"

Walilisukuma. Lakini kwa kuinama vile kwa muda mrefu, mke wangu alilala kitandani siku kadhaa bila kugeuka, na binti alipiga simu akasema nadhani sasa tumeelewana. Mama yake akaniomba simu. "Hatujaelewana," akamwambia. "Baba yako bado anatengeneza."

Nikarudi kwa fundi. Unaelewa shida ilipokuwa. Kilima kinataka gari refu, gumu, lenye meno. Mke wangu anataka gari fupi, laini, lisilovuma. Gari ni moja, na barabara zote mbili ziko kwenye safari ile ile. Fundi alikuna kichwa, akasema kuna vifaa vya upepo vya kuweka nyuma, vinajazwa na kupunguzwa, lakini mpaka viagizwe na vifike Bukoba ni miezi. Miezi sikuwa nayo. Nikamwambia arudishe urefu na meno. Nikawa napunguza upepo kwenye matairi, nikaweka godoro kwenye kiti, mto kiunoni, mto miguuni. Ilisaidia kidogo. Safari iliyofuata alifika na vidole vyeupe vile vile, ila alimkumbatia binti yake akicheka kabla hajaangaliwa usoni. Mimi niliona alivyojiandaa tangu tunakata kona ya Kibeta.

Basi ikaja komunyo ya kwanza ya mjukuu. Mke wangu akasema hatakwenda Kibeta kwenye sherehe mikono mitupu, hata kama anakwenda kutibiwa siku hiyo hiyo. Alisimama kwenye kibanja na fimbo yake akaonyesha huu, na huu, na ule pale wa nshakala, ndizi yetu ya kupika, nami nikakata. Alipenda kuonyesha. Nilijaza bodi lote mikungu, ikapita mbavu. Gari lilikaa chini kwa nyuma, mpaka pale kwenye ukingo ilibidi nilisogeze mbele kidogo mlango ulingane.

Tuliteremka kilima. Tukaingia lami. Nilikuwa nasubiri ngumi ya tuta la kwanza, haikuja. Gari lilipanda, likashuka, likatulia, kama ng'ombe aliyenyweshwa. Nilipomtazama alikuwa amelala. Mkono umeanguka mapajani, damu imerudi vidoleni, mdomo wazi. Alilala kutoka Kemondo mpaka mjini, na mimi nikaendesha nikiwa siwezi kuona vizuri, nikapangusa macho kwa mkono wa shati.

Aliamka Kibeta. "Leo gari limekula nini?"

"Ndizi zako."

"Basi limeshiba," akasema. "Likishiba lina adabu."

Maisha yangu yote nimepakia magari na nilijua springi zinalainika kwa mzigo. Nilijua pia kwamba uzito nyuma unayakandamiza matairi yakang'ata tope. Ila mzigo kwangu ulikuwa kitu kinachokwenda mahali. Sikuwahi kuuwaza kama kitu cha kukaa nyuma kimya ili mtu wa mbele alale.

Nikamwambia basi, nitaweka viroba vya mchanga, viwe vinakaa humo humo siku zote. Alinigeukia haraka kuliko mgongo wake ulivyoruhusu, akagumia.

"Mchanga? Unipitishe Izigo yote na mchanga nyuma? Watu watasema mzee ameshanunua, anasubiri tu."

Kwetu mtu anazikwa kwenye kibanja chake na kaburi linajengewa kwa saruji, na mchanga ukipita barabarani kuelekea kwenye nyumba yenye mgonjwa, watu wanajua. Alikuwa sahihi.

"Mchanga utaniletea siku yake," akasema. "Sasa weka ndizi."

Tukaweka ndizi. Kila safari ya kwenda Bukoba nilikata mikungu nikajaza bodi, na Kibeta tukagawa, kwa binti, kwa jirani zake, kwa wauguzi. Kurudi ndiko kulikoleta tatizo, kwa sababu mkungu uliompa mtu huwezi kumnyang'anya jioni ukapakia tena. Nilisema basi nusu tusiwape, tuzunguke nayo. Akasema hata akiwa maiti hatarudi nyumbani na zawadi iliyokataliwa. Kwa hiyo nikanunua madumu, nikayajaza maji ya bomba kwa binti, nikayapanga nyuma, nikayafunga kamba. Watu wa Izigo, wenye chemchemi kila bonde, wakaanza kuniona nikipandisha kilima na maji ya mjini.

Na gari lilipanda. Mvua ikinyesha, mtaro ukiwa umejaa, lilizama kwenye tope, likauma, likatoka. Refu, gumu, lina meno, na limeshiba.

Yule mzee mwenzangu hakuweza kuvumilia. Alisimama kando ya njia siku moja tunateremka, akanisimamisha kwa mkono.

"Mzee, unampeleka mkeo hospitali au unampeleka sokoni? Hata mgonjwa humwachii nafasi, mpaka ufanye biashara kwanza?"

Nilikuwa natafuta neno baya la kutosha. Mke wangu akateremsha kioo upande wake.

"Hizi haziuzwi," akamwambia. "Zinanishikia gari lisinipige. Nikienda na gari tupu mgongo unavunjika, na mgongo ukivunjika nabaki Kibeta. Unataka nibaki Kibeta?"

Mzee alitazama zile ndizi. Akaondoa mkono wake kwenye gari.

"Sitaki," akasema.

"Basi tupishe."

Kiangazi kilipokaza, mikungu iliyokomaa ikapungua kwangu. Migomba haizai kwa sababu wewe una haja. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza tena vile viroba vya mchanga, na mke wangu alikataa. Asubuhi ya safari nilikuta bodi lina mikungu ambayo si yangu. Imepangwa vizuri, mizito chini na myepesi juu, anavyopanga mtu aliyewahi kupakia. Ng'ambo ya mtaro yule mzee alikuwa analima, mgongo ametugeuzia. Nilipiga honi. Hakugeuka. Na safari iliyofuata, hivyo hivyo. Hatukuwahi kulizungumza.

Kisha daktari akatuita mimi na binti pembeni akasema hakuna haja ya kuendelea kumsumbua kwa dawa zile. Apumzike, apewe za maumivu. Binti hakuuliza apumzikie wapi. Alikwenda yeye mwenyewe kwenye bomba akaanza kujaza madumu, moja baada ya jingine, akiyabeba mwenyewe mpaka kwenye gari, maji yanammwagikia kwenye gauni. Nilitaka kumsaidia akanikataza kwa kichwa.

Tulirudi taratibu. Binti alipanda nasi, akakaa kiti cha nyuma na kichwa cha mama yake mapajani. Pale kwenye kilima nilifunga difu nikapanda bila kusimama. Kwenye ukingo wa kahawa mke wangu hakuweza tena kutembea. Nilisimama pale mlangoni sijui nifanye nini.

"Haya," akasema. "Leo nibebe. Lakini si kama gunia."

Nilimbeba. Alikuwa mwepesi kuliko mkungu wowote nilioukata kwa ajili yake.

Alikaa kwake mpaka mvua za kwanza. Kitanda tulikisogeza dirishani aone migomba, na alikuwa anaonyesha kwa kidole ule uliokomaa, nami nakwenda nakata, ingawa hatukuwa tunasafiri. Alikufa asubuhi, binti amemshika mkono, mimi niko nje nimebeba mkungu. Nikauweka chini pale pale.

Watoto waliotoka mbali walipofika walisema waite lori la mchanga. Nikawaambia mchanga nitauleta mimi. Wakasema, baba, wewe kaa, wewe ndiwe mfiwa. Nikawaambia aliniambia mimi.

Nilikwenda peke yangu. Vijana wa machimboni walipakia kwa makoleo, wakauliza mzee tuishie hapa, nikasema ongeza. Gari lilikaa chini. Barabara nzima halikupiga hata mara moja. Nilipita kwenye matuta yale yote, linapanda na kushuka na kutulia, na kiti cha pembeni yangu kina godoro na mito yake bado. Sijawahi kuendesha gari laini namna ile. Watu wa Izigo walisimama kando ya njia nilipopita, wanaume wakavua kofia, kwa sababu mchanga waliuona.

Kwenye mtaro tope lilikuwa bichi. Likauma, likapanda. Mzee mwenzangu alikuwa juu pale na koleo, akafungua bodi kabla sijazima injini, akaanza kushusha. Zege walilikoroga kwa yale maji ya Kibeta, yaliyokuwa bado kwenye madumu.

Fundi wangu alikuja kuhani. Alikaa na sisi, alikula, na alipokuwa anaondoka alilizunguka gari, akalibonyeza nyuma kwa mguu ilivyo kawaida yake.

"Mzee wangu, sasa hutabeba ndizi tena. Lilete, nilipunguze vyuma, nilishushe kidogo. Litakupiga vibaya likiwa tupu."

"Liache lilivyo."

"Na mgongo wako?"

"Nimesema liache."

Sasa naliendesha tupu. Nikienda Bukoba kwa binti nachukua mkungu mmoja, nauweka mbele kwenye kile kiti, nyuma hakuna kitu. Kuanzia kilima mpaka Kibeta linanipiga kila tuta. Binti ananiona ninavyoshuka nimeshika kiuno, anasema baba tengeneza gari hilo. Namwambia nitatengeneza. Sitengenezi.